Jeraniamu Yako Imebaki Fimbo

Mama Majani wangu,

Nimenawa mikono. Kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, kwa hivyo usianze. Niko kwenye ngazi ya nyuma hapa Abu Hamour, pale petu ambapo kivuli cha ukuta hufika mapema, na ndoo yako iko katikati ya magoti yangu. Ni Ijumaa, tumetoka kanisani. Wenzetu wamelala, eisi za kupoza vyumba zinanguruma, na mimi nimekaa naiangalia jeraniamu yako kama mtu aliyeitwa ofisini.

Ukiiona utanicheka. Huku chini imekuwa mti kabisa. Gome limepasuka kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta, halina jani hata moja. Juu kabisa kuna vichwa vitatu vya kijani. Vitatu tu. Ndivyo vilivyobaki vya kwako katika Doha nzima, na najua unafikiri Kiherehere ameanza kutia chumvi, lakini ngoja nifike huko.

Shida ni hii. Joto liko mlangoni. Nikivunja hivi vichwa leo nivipande, kuna nafasi vitashika mizizi kabla Juni haijatuchoma. Lakini mmea mama mwenyewe atabaki fimbo tupu, na fimbo tupu haivuki kiangazi cha hapa. Nisipovunja, mama anabaki vile ulivyomwacha, ila amezeeka, na anaweza kufa na vichwa vyake vyote. Hapo khalas, hakuna mama, hakuna mtoto. Na wewe wa kuulizwa uko Gatundu, kwenye ule udongo mwekundu uliokuwa unausifu kwamba hata ukipanda kijiko kitaota.

Unakumbuka siku nilipofika? Ilikuwa Julai, na hakuna mtu alikuwa ameniambia chochote kuhusu Julai. Nimetoka safari, nimechoka, naingia bafuni, nafungua koki ya baridi. Nilipiga nduru mpaka watu wa chini wakagonga dari. Ukaja na leso yako, ukasimama nje ya mlango ukicheka mpaka ukakohoa.

"Kasichana, huku koki nyekundu ndiyo baridi."

"Ati?"

"Tangi liko juu ya paa, linapikwa na jua kutwa nzima. Hita tunazima, maji yake yanakaa humu ndani yanapoa. Bluu ni moto, nyekundu ni baridi. Mpaka Oktoba. Karibu Katari."

Halafu ukaniletea jani. Nilidhani ni dawa ya kuungua. Ukaniambia nilisugue kwa vidole ninuse, na haki ya nani, nilisahau ngozi yangu inawaka. Ilinukia waridi, halafu ndimu, halafu kitu kingine kama nyumba ya mtu msafi. Nikauliza maua yake yako wapi. Ukaniangalia kama nimeuliza ng'ombe mabawa yake yako wapi.

"Hii mali yake iko kwa jani. Maua inatoa madogo tu, ya adabu."

Sasa mimi na mdomo wangu, siku ya kwanza hiyo hiyo, nikauliza kama na hiyo mmea inaoga kwa koki nyekundu. Ukaniambia polepole, kama mtu anayetaja marehemu, kwamba zile za kwanza ulizonunua sokoni ulizipika. Wewe, uliyekaa miaka yote ile kwenye nyumba za plastiki za Thika, ukivunja vichwa vya jeraniamu vya kupakiwa kwenye maboksi viende kupandwa Ulaya. Wewe ndiye ulifungua koki ya bluu adhuhuri ya Julai ukazimwagilia zote, kwa upendo, moja baada ya nyingine. Asubuhi mizizi ilikuwa imeiva kama sukuma.

"Nilizoea maji ya mto," ukasema. "Mkono ulisahau tuko wapi."

Tangu siku hiyo nikakupenda. Sikukuambia, nakuambia sasa.

Halafu ukanionyesha ile chupa kubwa uliyoitega chini ya bomba la eisi. Tone, tone, tone. Maji ya eisi, ulisema, hayana chumvi, hayana dawa, unayaacha kivulini yapoe unayapeleka jioni, na unamwaga kwa udongo, si kwa jani. Na kidogo. Hii mmea inakufa kwa kupendwa sana kuliko kwa kusahauliwa. Mimi nilikuwa naamka naenda kuiangalia kabla sijavaa viatu, narudi naiangalia tena, nabonyeza udongo, nageuza ndoo. Ndipo ukanipa jina. "Wewe ni kiherehere. Iache ipumue." Jina likashika kuliko mizizi.

Unajua mimi sikusoma sana, lakini simu yangu nimeisoma mpaka mwisho. Nikiwa kazini kwa kafe, kila nikipata nafasi, naangalia video za bustani. Narudi hapa na habari. Eti tupake mdalasini kwa kidonda cha tawi lililovunjwa. Eti tufunike na mfuko wa plastiki.

"Huyo wa video anaishi wapi?"

"Uingereza."

"Basi afunike zake."

Nilifunika moja kwa siri nyuma ya mlango. Ilioza ikawa nyeusi kama utambi, na wewe uliiweka tu juu ya mto wangu. Lakini ya keki, Mama Majani, hiyo nilikushinda na lazima ukubali. Nilikuambia tupange majani chini ya sufuria kabla ya kumwaga unga, ukasema unataka kupika keki si kufukiza nyumba. Tulipoipindua, majani yamejichora chini yote na mishipa yake, na harufu ikaenda mpaka chumba cha chini. Watu walipanda na sahani zao mikononi. Ulikula kipande, ukakata kingine, ukaniambia, "Ni sawa." Kutoka kwako hiyo ni tuzo. Wiki iliyofuata nilikukuta umejaza kopo la sukari majani, na ukaambia watu wote ni wazo lako.

Nakumbuka harufu zako kwa mpangilio. Jumamosi ni majani kwenye maji ya kupiga pasi. Katikati ya wiki ni moja ndani ya foronya ya kila mtu aliyelalamika kichwa. Na asubuhi yangu ya zamu, ulikuwa unanishika mikono yote miwili, unasugua jani hapa kwenye mishipa, unasema, "Haya, nenda ukanuke kahawa juu yake." Siku moja mama mmoja wa Kiarabu nilimpa chai yake ya karak akanishika mkono kabla sijaurudisha. Akanusa. Akafumba macho. Akaniambia nyanya yake alikuwa na hiyo kwenye ua, na hakunywa chai mpaka ikapoa. Nilikimbia nyumbani nikuambie, nikakukuta umeketi hapa hapa unakoboa maharagwe. Hukushangaa. Ndipo uliponiambia kuhusu Yumma.

Mimi sikuwa najua. Nilidhani hizi ulizipata sokoni baada ya zile ulizopika. Kumbe zilitoka Al Wakrah, kwenye nyumba uliyofanya kazi kabla ya kuja huku, ulikokuwa unamtunza yule mama mzee ambaye nyumba nzima ilikuwa inamwita Yumma, yaani Mama, na wewe pia. Kila asubuhi ulimpeleka uani na kiti chake, anakuonyesha kwa fimbo jani gani uchume, unalitia kwenye chai yake. Kiarabu chako kilikuwa kibovu na Kiswahili chake hakikuwepo, lakini ulisema mlikuwa mnagombana vizuri kabisa. Ulitaka kukata vichwa ili kichaka kinenepe, yeye anakupiga mkono. Siku moja akakuruhusu. Kikanenepa. Akaanza kuwaambia wageni ni yeye alikufundisha.

Alipofariki, watoto wake wakaweka vigae ua mzima ili magari yapate pa kusimama. Ulivunja tawi moja asubuhi mafundi wakiwa wanashusha simenti, ukalitia kwenye mkoba, ukatoka.

Nikakuuliza, "Na hilo tawi ndilo hii ndoo?"

"Hapana. Hilo lilikuwa mama wa mama wa hii. Hilo nilikaa nalo mpaka likabaki fimbo. Kila asubuhi nalisalimia. Sabah al-kheir, Yumma. Jirani alidhani nimepata wazimu."

"Ikawaje hiyo fimbo?"

"Kunywa chai, inapoa."

Chai yangu ilikuwa imekwisha tangu zamani. Nilikuona ukiangalia kando, nikaacha. Kwa mara moja maishani mwangu nikaacha kuuliza, na ndilo swali ninalolihitaji leo.

Kwa sababu Oktoba ile ulinifundisha kuvunja. Joto lilikuwa limepoa, koki ya bluu imerudi kuwa baridi, ukaniketisha hapa ukanishika kidole gumba. Kisu cha nini, ulisema, kisu kinabeba magonjwa. Unatafuta fundo, unaweka gumba chini yake, unasukuma upande mmoja, kach. Kikilia vizuri ujue kimekubali. Halafu unavilaza kwenye gazeti kivulini mpaka jioni, kidonda kikauke, kwa sababu jeraniamu ikipandwa na kidonda kibichi inaoza. Nilitaka kuvipanda hapo hapo. Ukanituma dukani ninunue chumvi. Chumvi tulikuwa nayo.

Jioni tukavipanda kwenye makopo ya maziwa na chupa za laban, ule mtindi wa huku, zilizokatwa, mchanga mwingi, udongo kidogo. Halafu ukafanya kitu ambacho kiliniuma. Ukaishika ile mmea mama tuliyoivunja vichwa, mmea iliyotupa keki na chai na usingizi mwaka mzima, ukaing'oa, ukaitia kwenye mfuko wa takataka. Ukakung'uta mikono.

"Unaitupa?"

"Thika, msimu ukiisha, mama zote zinang'olewa. Safu mpaka safu. Ukimwacha, anazeeka, anashika magonjwa, anawapa watoto. Kazi yake ameshafanya."

"Na ya Yumma mbona hukuitupa?"

"Kiherehere, funga mfuko."

Kichwa kimoja ulikibakiza kwenye ndoo hii, makopo yakaenda kanisani Mesaimeer. Kila Ijumaa ukitoka ibadani unasimama pale kwenye maegesho na kikapu chako, na hakuna anayegusa jani kabla hajanawa. Ulikuwa na chupa ya maji na sabuni ya kipande kwenye soksi. Watu wazima, manesi, madereva, walinzi wakubwa kama milango, wamepanga foleni juani wakinawa mikono kama watoto wa chekechea. "Nawa, hii si mbuzi." Hapo ndipo wakakuita Mama Majani, na ulijifanya umekasirika.

Halafu Juni ukaenda likizo. Ulisema ni ya harusi ya binti yako na kupimwa presha. Ndoo hii ulikuwa umeileta hapa kivulini mwenyewe, umeigeuza mpaka ikakaa unavyotaka. Teksi inapiga honi, na wewe umeinama.

"Usimguse mpaka nirudi. Oktoba tutavunja pamoja."

"Nikivunja kidogo tu?"

"Gumba lako bado lina haraka. Oktoba."

Ujumbe wa msiba wako ulikuja kwenye grupu ya kanisa mwezi wa tisa, nikiwa nachemsha maziwa. Nilimaliza kile kikombe. Nilimpelekea mteja, nikamwambia karibu. Mpaka leo sijui ilikuwa meza gani.

Oktoba ikafika. Koki ya bluu ikapoa. Nilikuja hapa na gazeti, nikanawa, nikaweka gumba chini ya fundo, nikatoa. Nikasema Novemba. Krismasi nikasema wageni waione kwanza. Januari ilikuwa nzuri mno, vichwa vingi, ningeweza kupata kopo la kila mtu. Nilikuwa napita nainusa tu naenda kazini. Halafu majani ya chini yakaanza kuwa ya njano, moja moja, na kila moja lililoanguka nililiokota nikaliweka kwenye kopo lako la sukari. Kopo sasa limejaa, sukari hakuna.

Na leo, baada ya ibada, nikawauliza wenzetu wa kanisa pale kwenye maegesho. Nilikuwa na imani, kusema kweli. Nilijua makopo yako yako kila mahali, kwamba hata hii ikienda, nitaomba kichwa kwa mtu. Nikaanza na Mama Bryo, yule wa ofisi anayevaa viatu vinavyolia akitembea.

"Yangu niliipika," akasema. "Wacha nikuambie ukweli. Julai, nimetoka kazini, nikafungua koki ya bluu."

"Na alikuwa amekuambia."

"Aliniambia kila Ijumaa. Juni akaenda, Julai nikasahau. Sasa nifanyeje, nijishtaki?"

Baraka yule dereva akacheka, nikamgeukia. "Na yako?"

"Yangu niliiacha kwa gari nikaingia kununua mkate."

"Mkate tu?"

"Kulikuwa na foleni. Nilirudi nikakuta mboga."

Akello, nesi wetu wa Gulu kule Uganda, akawa anaangalia chini. Nikamwambia, dada, niambie yako iko.

"Banange, mimi yangu niliinywa."

"Yote?"

"Nilikuwa na mafua. Kila siku jani moja na chai. Nikaamka siku moja nikakuta nimekunywa mti."

Tulicheka mpaka watu wakageuka. Halafu tukaacha wote kwa wakati mmoja, na nadhani kila mtu alikuwa anaangalia pale ulipokuwa unasimama, kwa sababu mimi ndipo nilipokuwa naangalia. Kulikuwa na gari jeupe.

Akello akasema, "Kwa hivyo ni hiyo yako tu."

"Ni hiyo tu."

"Basi vunja," Mama Bryo akasema. "Leo. Mama Majani angekuwa amevunja tangu Oktoba na fimbo ameshatupa."

"Asivunje," Akello akasema. "Nyabo, dada yangu, ile aliishika kwa mikono yake. Hizo watoto hatazishika."

"Utakunywa kumbukumbu?"

"Wewe uliyepika yako unaongea?"

Baraka akasema tupige kura. Wakamwambia anyamaze. Nikawaacha wakigombana, na nikaona ungependa ile kelele, ungewaambia wanawe mikono kwanza.

Nimefika hapa nimeitazama tangu adhuhuri. Nimetandika gazeti. Makopo yako tayari, mchanga nimeuosha, maji ya eisi yamepoa kwenye chupa yako. Kidole gumba kiko chini ya fundo la kichwa cha kwanza na nasikia kabisa vile kitalia nikisukuma. Harufu imeshatoka, nimegusa tu. Umekaa hapa karibu yangu sasa hivi, Mama Majani, naapa, mpaka nimesogea kidogo nikupe nafasi.

Ulinifunza kwamba mama akitoa watoto anatupwa, bila kuangalia nyuma. Ulinifunza hivyo kwa mikono. Ukaniambia nisimguse mpaka urudi, na hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu. Na mimi nakujua wewe, wewe wa mfuko wa takataka, wewe wa "kazi yake ameshafanya," kwamba uliamka asubuhi ngapi sijui ukasalimia kijiti kikavu kwa Kiarabu kibovu kwa sababu mkono wa mama mzee ulikuwa umekigusa. Hukuniambia iliishaje. Sijui kama uliamka siku moja ukakitupa, au kilikwenda chenyewe, au ulihama nacho. Sijui kama watoto wake ulivunja mapema, au ni siku ya mwisho kabisa, kama mimi, gumba likiwa chini ya fundo.

Kivuli kimefika miguuni. Vikikaa kwenye gazeti mpaka usiku vitakuwa vimekauka, kama nitavunja. Lala salama, mama yangu wa ngazini. Nimekuwekea chai, ya jani, bila sukari kwa sababu ya lile kopo, na safari hii sitakuambia unywe inapoa. Nijibu tu hili moja, halafu nitaacha kiherehere.

Wewe uliyesalimia fimbo, ungefanyaje?

Mtoto wako wa chumba kimoja,
Kiherehere